Nchi Isiyoandika Makosa kwa Wino

Wanafunzi wangu waliniita Wembe, na mimi nililipenda jina hilo. Nasema ukweli, maana nimerudi kutoka mahali ambapo kujifanya hakukunisaidia kitu. Kwa miaka kumi na tisa nilifundisha hesabu za mwaka wa kwanza chuoni. Kila mwaka nusu ya darasa ilianguka, na kila mwaka nilitembea kifua mbele, kana kwamba kuanguka kwao ni kazi ya mikono yangu. Leo naona kweli ilikuwa kazi ya mikono yangu, ila si ya kujivunia.

Jina langu hasa ni Salha Mng'ong'o. Naandika haya kwa ajili ya kushukuru, na wa kushukuriwa ni wawili: karani mmoja wa lango na fundi mmoja wa mapipa. Sijui kama barua za kwetu zinafika kwao. Basi na iwe hivi, niwashukuru mbele ya watu.

Yalianza Jumatatu asubuhi, Eliakunda Msuya alipopiga hodi ofisini kwangu. Binti huyu alikuwa amelirudia somo langu, na mara hii ya pili alipata thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini. Kwa kanuni za chuo, anayeanguka mara mbili anaondolewa, na Kamati ya Mitihani ilikuwa ikae Alhamisi saa nne kupitisha majina ya wa kuondolewa. Jina lake lilikuwa la kwanza. Alikuja chuoni kwa jambo moja tu: alitaka kuwa mwalimu wa hesabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, naomba uniulize swali la nne sasa hivi. Siku ile sikulijua. Sasa nalijua."

Sikuinua hata kichwa. "Mtihani umekwisha, mwanangu," nikamwambia. "Wino umeshakauka."

Akasema asante, akatoka na kuufunga mlango polepole. Heri angeubamiza. Niliendelea kupanga karatasi, lakini ile asante yake haikuniacha, nikaona bora nikanywe chai.

Namna nilivyofika Nchi ya Bado si habari ya kukuchosha nayo. Nilikata kona ya maabara ya zamani, nikajikuta mbele ya lango ambalo jana yake halikuwapo. Asiyeamini asiamini, kazi yangu ni kueleza niliyoyaona ng'ambo ya pili.

Langoni palikuwa na mstari wa watu, na kila mtu alivaa kibao cheusi shingoni kwa kamba. Mezani alikaa mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mbele yake alikuwa na pakiti ya chaki, kitambaa kibichi, kalamu ya wino na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Huyu ndiye Bi Rudia, karani wa lango.

"Karibu, mgeni. Wewe unajua nini?"

"Hesabu," nikasema. "Nafundisha chuoni."

"Loo! Leo tuna bahati. Hebu tueleze kitu kidogo basi. Hasi mara hasi inakuwa chanya. Kwa nini?"

Nilicheka. Nikachukua chaki, nikaandika uthibitisho wa mistari minne kwenye ubao uliokuwa nyuma yake, uthibitisho uliopangika hata ningeweza kuutundika sebuleni. Bi Rudia hakuutazama. Alitazama juu ya bega langu.

"Kiraka, umeelewa?"

Nyuma yangu kwenye mstari alisimama mwanamume mrefu, mikono ina masizi, shati lina matundu ya cheche. Alikuwa fundi wa kuziba mapipa ya maji yanayovuja. Aliitazama mistari yangu kama mtu anayetazama harusi ambayo hakualikwa.

"Bi Rudia, nisikudanganye," akasema. "Sijaambulia kitu."

Basi yule mama akachukua kibao, akaandika kwa chaki neno moja, BADO, akanivika shingoni kama anayemvika mtoto sare.

"Bado nini?" nikauliza.

"Bado hujui."

"Mimi? Mimi nina shahada tatu!"

"Hongera, mama. Lakini sheria ya kwanza ya nchi hii inasema hujui jambo mpaka aliye nyuma yako alijue kutoka kwako. Usihuzunike, ni chaki tu. Pita. Kuingia kwetu ni ruhusa kwa kila mtu. Kutoka ndiko kunakotaka kujua."

"Kutoka? Mimi Alhamisi saa nne nina kikao! Nisipokuwapo makamu wangu atasaini orodha badala yangu!"

"Basi una siku tatu," akasema Bi Rudia. "Anayefuata!"

Kuna desturi pale ambayo niliiona ya ajabu na sasa naikumbuka kwa mapenzi: aliye mbele na aliye nyuma yake kwenye mstari wanafungwa pamoja. Wanakula sahani moja mpaka wa mbele aeleweke. Ndivyo nilivyokuwa mgeni wa Fundi Kiraka, aliyenipokea bila kinyongo na kunipa chumba cha uani, kati ya mapipa ishirini na moja.

"Dada Mwalimu," alinieleza tukila maharage, "sheria ya pili ni hii. Usichokijua kinaandikwa kwa chaki. Unachokijua kinaandikwa kwa wino, kwenye kile kitabu chekundu. Karani akikamatwa ameandika kosa la mtu kwa wino, anavuliwa kazi."

"Na kumbukumbu je? Mtajuaje nani alianguka mara ngapi?"

"Tujue ili tufanye nini?"

Nilichota maharage.

Kesho yake akanipeleka kuona chuo chao. Vijana walikaa makundi makundi, kila mmoja na kifuko cha kete kiunoni, kete zile zile za bao. Kwetu mwanafunzi anaanza muhula akiwa na mia yake, na kila kosa linamnyofoa kipande mpaka abaki na mifupa. Kwao anaanza na sifuri. Kila jambo analolijua barabara, kwa kulieleza kwa mwenzake, anatia kete moja kifukoni, na hakuna awezaye kuitoa. Kete kumi na mbili zinampandisha ngazi. Wa ngazi ya pili hapandi ya tatu mpaka ya pili imemkaa, hata ikimchukua wiki sita. Wengine wanapita kwa siku mbili, na hawashangiliwi zaidi ya wale wa wiki sita.

Binti mmoja alikuwa anahangaika na sehemu. Alikosea. Mwalimu akafuta, akampa swali jingine. Akakosea tena. Alipokosea mara ya tano alijipiga paja, akaguna, akapaza sauti: "Tena!" Na kundi lote likamjibu, "Tena!" huku wakicheka, na yeye mwenyewe akicheka. Mimi darasani kwangu nilishasikia kilio, nilishasikia kimya, nilishasikia mtu akitapika kwenye korido siku ya mtihani. Mtu aliyekosea akicheka sikuwahi kumsikia.

"Mnawadekeza," nikamwambia Kiraka tulipotoka. Nilikuwa nimekasirika kweli. "Aliyejua mara ya tano hawezi kuwa sawa na aliyejua mara ya kwanza."

"Dada Mwalimu, unapika chapati?"

"Napika. Kwani vipi?"

"Chapati yako ya kwanza ilikuwa duara?"

"Ilikuwa ramani," nikakiri.

"Na za leo?"

"Za leo duara."

"Na shemeji bado anakula ile ramani?"

Ebo! Nilitaka kununa, nikashindwa, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hapo akanisimulia asili ya sheria zao, nami naiandika kama alivyonipa. Zamani nchi hiyo ilikuwa na mtihani mmoja, siku moja, na matokeo yalichongwa kwenye milango ya nyumba za watu. Siku moja malkia wao alipita uchochoroni, akamkuta msichana akicheza bao na shangazi yake. Alifungwa mara kumi na moja. Ugali unapoa, mama anaita, na mtoto anasema, "Tena, shangazi, mara moja tu." Malkia akauliza habari zake, akaambiwa msichana huyo huyo alikosa hesabu moja shuleni na tangu hapo hajaonekana darasani wiki nzima. Malkia akawauliza mawaziri, kosa liko kwa mtoto au liko kwa darasa? Walijadiliana siku arobaini. Waziri mmoja alipendekeza bao lipigwe marufuku, maana linawafundisha watoto kurudia. Mwingine alipendekeza bao liwekewe mtihani, ili watoto walichukie sawasawa na hesabu. Malkia akawashukuru wote wawili, akawapeleka wakachunge mbuzi, akaandika sheria mwenyewe.

"Jirani zetu hawakutaka kuiga," aliongeza Kiraka. "Nchi ya Mara Moja. Kule mtoto akianguka siku ya kwanza ya kutembea, anaandikwa kwa wino: hatembei. Basi wanambeba maisha yake yote, na wanaombeba wanamlaumu kwa uzito."

"Ni mbali na hapa?"

"Sijui. Wewe ulitokea upande gani?"

Nilijifanya natazama njia.

Isidhaniwe kwamba nchi ile haina wapumbavu wake. Mchana huo nilihudhuria Baraza, na hoja ilikuwa ya Mheshimiwa Tuzo, Waziri wa Kete. Mwanamume huyu alibeba vifuko vingi hivi kwamba alihitaji watu wawili kumshika akikaa na watatu akiinuka. Aliona kwamba watu wanapenda kete, kwa hiyo akapendekeza wapewe nyingi zaidi: kete ya kuwahi, kete ya kola safi, kete ya kuitikia salamu, kete ya kukaa darasani bila kusinzia, na nusu kete kwa aliyesinzia bila kukoroma. Alieleza kwa takwimu kwamba mwaka huo kete zingeongezeka mara nane na furaha ingefuata. Wengi walipiga makofi, hasa bwana mmoja wa ngazi ya kwanza aliyelijibu swali moja mara mia tatu kwa sababu lilikuwa jepesi. Kwa ajili yake ilibidi itungwe sheria kwamba kete ya pili kwa swali lile lile ihesabiwe kokoto.

Bi Rudia alisimama na kitambaa chake mkononi.

"Mheshimiwa, nina swali moja tu. Tangu lini mtu akashinda bao kwa kukaa vizuri kwenye mkeka?"

"Mama, hamasa ni kitu muhimu," akasema Waziri.

"Ni muhimu, sikatai. Hebu tuambie, hiyo kete yako mpya kabisa, hapo juu, uliipata kwa kujua nini?"

Mheshimiwa Tuzo aliishika, akaigeuzageuza. Ilibainika aliipata asubuhi hiyo, kwa kuandaa hoja ya kete. Baraza lilicheka, likapiga kura, na hoja ikaandikiwa BADO kwa chaki kama kibao cha mtu yeyote. Waziri hakuaibika hata kidogo. "Nitarudi nayo Ijumaa," akasema, nao wakamwambia karibu. Kwetu ugomvi ule ungedumu miaka.

Lakini mimi nilikuwa na langu. Siku tatu si nyingi. Jioni ya Jumanne nilirudi langoni na Kiraka nyuma yangu, nikachora mstari wa namba wenye mishale, mishale mizuri ya rangi mbili.

"Mishale nimeiona," akasema Kiraka kwa upole. "Kwa nini inageuka?"

"Inageuka kwa sababu ni hasi!"

"Na hasi inageuza kwa nini?"

Bi Rudia akafuta kibao changu kwa kitambaa, akaandika upya neno lile lile. "Tena, mama?"

Jumatano asubuhi nikaja na hila ya kale. "Adui wa adui yako ni nani, Kiraka? Si rafiki yako?"

Akafikiri kwa bidii. "Mimi adui wa adui yangu ndiye aliyeniibia kuku."

Mstari mzima ulicheka, na safari hii mimi sikucheka. Bi Rudia akafuta. "Tena, mama?"

Na hapo, jamani, nikavunjika. Nina miaka hamsini na moja. Nilikuwa nimeanguka mara tatu mbele za watu, kwa jambo ninalolifundisha, na kilichoniuma si kuanguka. Kilichoniuma ni ile "Tena, mama?" Haikuwa na kejeli wala huruma. Aliuliza tu, kama anayeuliza iwapo uongezewe chai. Katika maisha yangu yote ya ualimu sikuwahi kumwuliza mtu hivyo. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Bi Rudia akanipa kitambaa chake nijifute, nacho kimejaa chaki, nikainuka na uso mweupe kama nimepakwa unga. Alipoutazama alishindwa kujizuia, akacheka, nami nikacheka na machozi yangu.

Nikamweleza habari za Eliakunda. Nilimweleza yote, mpaka mlango uliofungwa polepole.

"Alikuja mwenyewe?" akauliza. "Akasema sasa najua?"

"Ndiyo."

"Na wewe hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

Bi Rudia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunilaumu hata kwa neno. "Basi uwahi, mama," akasema. "Kesho saa nne si mbali."

Mpaka siku ile nilitaka kutoka kwa sababu sijawahi kukosa kikao. Tangu hapo nilitaka kutoka kwa sababu ya binti mmoja aliyekuwa akifungasha virago vyake bwenini. Nilijua makamu wangu asingesita. Nilimfundisha mimi mwenyewe kutosita.

Alhamisi kulipopambazuka nilimkuta Kiraka tayari yuko kazini. Nilitaka kuanza tena na mishale yangu. Kisha nikaona kwamba kwa siku tatu nimemwambia mambo mia, na sijamwuliza hata moja.

"Kiraka," nikasema, "wewe unajua nini?"

Akashangaa. "Mimi? Mapipa tu."

"Nieleze mapipa."

Akafurahi kama aliyepewa zawadi. Akanipeleka kwa pipa moja lililotoboka chini, akainama, akatazama alama ya unyevu ubavuni. "Hili, kwa mfano. Linapoteza ndoo mbili kila saa. Ukiniuliza baada ya saa tatu litakuwaje, nakwambia limepungua ndoo sita. Ukiniuliza saa tatu zilizopita lilikuwaje, nakwambia lilikuwa na ndoo sita zaidi ya sasa. Mteja hahitaji kuniambia kitu, pipa lenyewe linasema."

"Rudia ulichosema."

"Pipa lenyewe linasema."

"Si hicho! Kabla ya hapo!"

"Saa tatu zilizopita lilikuwa na ndoo sita zaidi."

Nikamsogelea. "Kupoteza ndoo mbili, kwa hesabu tunaandikaje?"

"Hasi mbili," akasema. "Si linapungua?"

"Na kurudi nyuma saa tatu?"

"Kurudi nyuma…" Nyundo ilimtoka mkononi, ikalia juu ya bati. "Hasi tatu. Hasi mbili, mara hasi tatu. Sita. Sita zaidi! Chanya!" Akanishika mabega kwa mikono yake ya masizi. "Dada Mwalimu, kumbe kitu chenyewe nilikuwa nacho nyumbani!"

"Ulikuwa nacho," nikasema. "Mimi ndiye nisiyekuwa nacho."

Tulikimbia. Mwanamke wa umri wangu na fundi wa mapipa, vibao vinagonga vifua, watu wanatupisha njia wakipiga kelele za "Tena! Tena!" Langoni Kiraka hakungoja hata kuulizwa. Alimgeukia aliyekuwa nyuma yake, mama mmoja mwenye kapu la mihogo, akamweleza habari ya pipa, na yule mama akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. "Ni kweli," akasema. "Hata langu linavuja."

Bi Rudia alivuta kitambaa, akafuta BADO yangu kwa mara ya mwisho. Kisha akafungua kile kitabu chekundu, akachovya kalamu, akaandika kwa wino: *Salha. Anajua kueleza.* Hapakuwa na kingine kwenye mstari wangu. Nikageuza kichwa nisome vizuri, nikatafuta pembeni, nikatafuta chini.

"Na zile mara tatu nilizoanguka?" nikauliza.

Bi Rudia akanitazama juu ya miwani yake.

"Zipi?" akasema.

Nilimkumbatia kupita juu ya meza, nikamwaga chaki zote, na yeye akaniambia niwahi, akanitia mkononi kipande cha chaki na kile kitambaa chake. Kiraka alinipungia mkono mpaka lango lilipofungwa. Nilitoka nikiwa nyuma ya maabara ya zamani. Saa ya ukutani ya chuo ilikuwa saa nne na dakika tatu.

Kamati ilikuwa imeshakaa. Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Eliakunda na begi lake miguuni, akisubiri barua yake. Aliinuka aliponiona. Nilimwambia, "Usiende popote," nikaingia.

"Bi Salha, tulidhani hutakuja," akasema mwenyekiti, Profesa Ndimbwa, mtu wa tai na kanuni. Makamu wangu alikuwa ameshika kalamu tayari. "Orodha hii hapa. Saini tuendelee."

"Kabla sijasaini, namwita mwanafunzi wangu."

"Kanuni haziruhusu. Mtihani umekwisha. Wino umeshakauka."

Nilishtuka kusikia maneno yangu kwenye kinywa cha mtu mwingine. Sikujua kwamba yana ubaridi namna ile.

"Kanuni zinasema alama ni za mwalimu mpaka atakaposaini," nikamjibu. "Nazijua, Profesa. Hicho kifungu nilikiandika mimi." Nikafungua mlango, nikamwita.

Eliakunda aliingia. Nikampa kipande changu cha chaki. "Swali la nne," nikasema. "Kwa nini kasi ya mabadiliko ni sifuri pale kwenye kilele? Usiniambie mimi. Mweleze Profesa."

Profesa alikuwa mtu wa historia. Alikunja uso. Eliakunda akageukia ubao, akaandika kanuni aliyoikariri, akakosea alama, akairekebisha, akakosea nyingine. Kisha akaacha kuandika. Makamu wangu alitazama saa.

"Basi," akasema Profesa Ndimbwa, si kwa ubaya. "Tumeona."

Nikainuka, nikatoa kitambaa cha Bi Rudia, nikafuta ubao wote, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Tena, mwanangu?" nikamwuliza.

Alinitazama. Alikuwa ananijua kama Wembe, maskini, na alikuwa akitafuta uko wapi ukali. Hakuuona. Basi akaweka chaki chini, akaokota kifutio cha ubao, akakirusha juu, akakidaka.

"Profesa, kifutio kilipokuwa kinapanda, kimo chake kilikuwa kinaongezeka," akasema. "Kuongezeka ni chanya. Kilipokuwa kinashuka, kimo kilipungua. Hiyo ni hasi. Huwezi kutoka kwenye kupanda ukaingia kwenye kushuka bila kupita mahali ambapo hupandi wala hushuki. Hapo ndipo kwenye kilele. Na kutopanda wala kutoshuka ndiyo sifuri."

"Lakini mimi sikukiona kikisimama," akasema Profesa.

"Ni kitambo kidogo mno. Usiutazame mkono wangu. Tazama kifutio."

Akarusha. Profesa akainua kidevu, akakifuata kifutio kwa macho, juu, chini. Alisogeza kiti.

"Rusha tena," akasema.

Akarusha tena. Wajumbe wote saba walifuata kwa macho, juu, chini, hata makamu wangu, hata katibu aliyekuwa akiandika kumbukumbu.

"Aaa!" akasema Profesa Ndimbwa, akafunga kalamu yake. "Miaka sitini na miwili nimeishi bila kuelezwa hilo. Bi Salha, andika alama mpya kabla sijabadili mawazo."

Niliandika sabini na moja, kwa wino, na nikasaini orodha ambayo jina lake halikuwamo tena. Nilitoka. Eliakunda alikuwa koridoni, begi begani, anacheka na kulia, vumbi la chaki limemjaa usoni kama lilivyonijaa mimi jana yake. Alinishukuru mpaka nikamwambia aache, kwa kuwa anayestahili shukrani zile anakaa mezani kwenye lango fulani, na sijui nitamfikishiaje.

Alipokuwa anaondoka alisita, akageuka.

"Mwalimu, na ile thelathini na nane?"

"Ipi?" nikasema.